Nyumba ya Vioo ya Mkurugenzi

Fundi vioo huyu mtaa wake ulimjua kwa jambo moja: kioo akikipachika yeye, ndege hujigonga. Wengine wangeona aibu. Yeye aliliona hilo tangazo la biashara. Karakana yake ilikuwa chumba kimoja, na ndani yake meza iliyotandikwa blanketi kuukuu, vioo vilivyoegemezwa ukutani, na yeye mwenyewe na kisu cha kukatia kikiwa kimekaa mfukoni mwa shati kama kalamu ya mwalimu.

Basi shangazi yake, aliyemlea tangu mama yake afariki, akaaga kwenda kumsaidia binti yake aliyejifungua mapacha. Angekaa miezi mitano. Alichomwachia ni kobe wake, kiumbe aliyeitwa Mkurugenzi kwa sababu hufika anapotaka na hakuna wa kumuuliza alikuwa wapi.

Kwa shangazi, Mkurugenzi alizurura uani na vumbi mgongoni, akitafuna majani aliyokutana nayo njiani. Fundi akaona hayo si maisha ya mkubwa. Akakata vioo vya milimita sita, akaviunganisha kwa gundi ya silikoni, akaweka na kifuniko cha kioo, kisha akaipandisha nyumba hiyo kwenye dirisha linalopigwa jua kutwa. Dirisha lenyewe ni kioo chake pia. Matundu ya hewa aliacha na kona ya kivuli aliweka, tusimwonee. Kila asubuhi alizisugua kuta kwa gazeti na siki mpaka zinalia.

Shemeji yake, mdogo wa mkewe, aliyekuwa fundi cherehani mlango wa pili, alipita akasimama kuangalia. Akauliza kobe anauzwa bei gani, maana vitu vya kuwekwa dirishani hivyo yeye amezoea kuviona kwa sonara. Fundi akamjibu kwamba wivu wa mtu anayeshinda na matambara unaeleweka.

Mwezi wa pili Mkurugenzi akaanza kubagua chakula, kisha akakiacha kabisa. Miguu ya nyuma ikawa inaburuzwa. Asubuhi moja Fundi alimwinua apate kufuta sakafu, vidole vikazama. Gamba, kitu ambacho kobe hutembea nacho kama ngome, lilibonyea ukingoni mithili ya kifuniko cha kopo la plastiki.

Akaketi chini palepale. Shangazi alikuwa akipiga simu kila Jumapili, na kila Jumapili alijibiwa kwamba Mkurugenzi hajambo, amejipumzisha. Jumapili ile simu iliita mpaka ikachoka yenyewe. Mwanamke yule alikuwa amemlea bila kumpoteza, na yeye alikuwa anampotezea kobe mmoja.

Aliyemwinua kutoka kwenye majuto hayo ni shemeji. Hakutania. Alitandika kitambaa kwenye beseni, akamlaza Mkurugenzi ndani yake, akafunga duka, wakaenda wote kwa daktari wa mifugo. Kwenye benchi walimkuta mtu na mbuzi wake mwenye kikohozi, akataka kujua kama huyo kobe ameletwa au amejileta mwenyewe tangu mwaka jana.

Daktari alikuwa mama wa makamo, mabuti ya mpira miguuni, mikono mipole. Akalibonyeza gamba huku na huku, akauliza mgonjwa anaishi wapi. Fundi akaieleza ile nyumba, na hata katika huzuni ile fahari ilimponyoka: vioo vyenyewe ni safi, utadhani havipo.

"Jua linamgusa mwenyewe, au linapita kwenye kioo kwanza?"

"Kwenye kioo, daktari. Lakini kioo changu kinapitisha kila kitu."

"Kinapitisha mwanga na joto. Ile sehemu ya jua inayokaza mifupa inabaki nje. Na gamba la kobe ni mfupa, baba."

Miaka kumi na minane Fundi alikuwa ameuza kioo kwa maneno yaleyale.

Daktari akampa dawa ya kalsiamu na maelekezo: atolewe juani kila siku, awe na kivuli cha kukimbilia akizidiwa, alowekwe kwenye maji ya vuguvugu yasiyopita kidevu. Hakuahidi kitu. Akataka pia kujua umri wake na alichokuwa akila zamani, na hayo aliyajua mtu mmoja tu duniani.

Fundi alimpigia shangazi akiwa amesimama kando ya yule mbuzi. Alisema yote kwa pumzi moja, pamoja na uongo wa Jumapili. Upande wa pili mtoto akasikika akilia kwa mbali.

"Wewe ulikuwa na matege," shangazi akasema hatimaye. "Nilikufungia ndani mwaka mzima, naogopa upepo usije ukakuchukua kama mama yako. Nesi akaniambia mtoto huyu hajaonja jua. Nililia njia nzima. Kwa hiyo acha kulia, mtoe nje."

"Nilikudanganya, shangazi."

"Hilo nitakuchapa nikirudi. Sasa andika: nyasi, na yale maua mekundu ya uzioni. Hayo hajawahi kuyakataa."

Siku hiyohiyo Fundi akajenga boma la mbao uani, juu wavu wa waya, kona moja ubao wa kivuli. Wateja wakawa wanamkuta amechuchumaa na kobe kwenye karai, wanasubiri. Shemeji alileta maua kila siku, akisisitiza kwamba anamwibia jirani kwa ajili ya Mkurugenzi, si kwa ajili ya mlezi wake.

Wiki ya kwanza hakuna kitu. Ya tatu, miguu ya nyuma ikaanza kusukuma. Ya tano, gamba likaanza kukataa kidole. Daktari akasema ukingo utabaki umepinda, ila mwenyewe ataishi. Na asubuhi moja Mkurugenzi akanyoosha shingo, akaliangalia ua jekundu kama anayesoma barua ya maombi, akaling'ata.

Fundi akapiga simu.

"Sikiliza," akasema, akaisogeza simu karibu na kile kinywa kinachotafuna.

Shangazi alisikiliza muda mrefu. Kisha akasema, "Asante, mwanangu."

Fundi alitaka kumwambia kwamba asante hiyo imepotea njia, kwamba ni ya kwake yeye shangazi, na ya daktari, na ya shemeji aliyekuwa amesimama mlangoni akijifanya anapima uzi. Badala yake akailaza simu chini kwenye nyasi, karibu zaidi, akachuma ua lingine.