Mwimbaji Niliyemtafsiria

Nilipoambiwa kwamba ile bendi inakuja Johannesburg kutangaza albamu yake mpya, na kwamba waandaaji wanatafuta mkalimani wa Kihispania, nilikubali kabla sijaulizwa mara ya pili. Nafundisha Kihispania katika chuo kikuu hapa mjini, na mwimbaji wa bendi hiyo ndiye, kwa namna fulani, aliyenifundisha mimi. Nilipokuwa mwanafunzi Hispania, msichana kutoka Voi ambaye hajawahi kuhitaji koti zito maishani, nilijifungia chumbani na nyimbo zao hadi maneno yakanikaa mdomoni. Hadi leo wanafunzi wangu hucheka ninavyomeza herufi za mwisho. Ni mwimbaji huyo anayezimeza hivyo.

Walikuwa bendi ya roki kutoka Amerika ya Kusini, magitaa ya umeme yakipigwa pamoja na ngoma za tumba. Nilikwenda kuwapokea uwanja wa ndege. Mwimbaji alikuwa mtu mzima sasa, amekonda, nywele zimemwisha utosini. Aliponisalimu nilishtuka. Sauti ilikuwa ya kukwaruza, kama ya mtu aliyelala karibu na moshi. Nikajiambia ni uchovu wa ndege. Nyuma yake alikuja mdogo wake wa tumbo moja, mpiga ngoma, ambaye alimbebea mkoba bila kuombwa, na kila mara alimtupia jicho kama mzazi anayemwangalia mtoto aliyetoka kuugua.

Kesho yake tulizunguka kwenye redio. Kila studio ilikuwa na swali moja.

"Muulize, ule wimbo wao wa zamani watauimba?"

Nilimtafsiria. Akasema, "Waambie tumekuja na albamu mpya."

Nikawaambia. Mtangazaji akatabasamu. "Sharp, sharp. Lakini ule wa zamani?"

Hakukasirika. Alikunywa maji ya tangawizi kutoka kwenye chupa yake, akaeleza tena kwa upole kwamba nyimbo hizi mpya ni za polepole, aliziandika peke yake kwa miaka mingi, na kampuni ya kurekodi ilizikataa, wakazirekodi wenyewe. Mtangazaji alikuwa tayari anatazama saa. Tulipotoka nje, kibao kilichokuwa kinapigwa redioni kilikuwa ule wimbo wa zamani.

Mchana huo aliomba nimpeleke mahali panapouzwa chakula cha Kikongo. Alikulia kwenye mji wa bandari, akaniambia, ambako mabaharia walileta santuri za rumba kutoka Kongo, na mama yake alifua nguo akizisikiliza bila kuelewa hata neno moja. Nikampeleka mtaa wa Yeoville, kwa mama mmoja wa Lubumbashi ninayekula kwake mara kwa mara. Redio ilikuwa ikipiga magitaa yale aliyoyajua, na kwa dakika chache uso wake ukafunguka. Kisha chakula kikaja. Alikata tonge la fufu, akalichovya kwenye sombe, kisamvu cha Kikongo, akalitia mdomoni, na nikaona mishipa ya shingo ikisimama. Hakukata la pili.

Mwenye mkahawa akaja akiwa na kitambaa mkononi. "Mama, uyu papa hakule. Fufu yangu iko mubaya?"

"Hapana, mama. Chakula ni kitamu. Amechoka na safari."

Mama alimtazama kidogo, akaondoa sahani, akarudi na bakuli la supu. Hiyo mwimbaji aliinywa, taratibu, akifumba macho kila alipomeza.

Tulipokuwa tumesimama kwenye robot, taa za barabarani, tukirudi garini, alisema bila kunitazama, "Mwalimu, nitafutie daktari. Na ndugu yangu asijue."

Daktari niliyempata jioni hiyo alikuwa mwanamke wa makamo, mchangamfu, mpaka alipoingiza ule mrija mwembamba wenye kamera puani mwa mgonjwa na kuuteremsha kooni. Nasi tulikuwa tunaona kwenye skrini: nyama nyekundu, nyuzi mbili za sauti, na upande mmoja kitu cheupe chenye mikunjo.

"Mwambie sipendi ninachokiona," alisema.

Mkalimani husema "mimi" kwa niaba ya kila mtu. Nikasema kwa Kihispania, "Sipendi ninachokiona." Nikasema, "Nataka kukata kipande kidogo kesho asubuhi, kikapimwe. Inaweza kuwa saratani." Maneno hayo niliyasema kwa lafudhi yake mwenyewe. Sikuwa na nyingine.

Mwimbaji aliitikia kwa kichwa kana kwamba ameambiwa bei ya kitu dukani. "Muulize kama naweza kuimba Jumapili."

"Asiimbe," daktari alisema. "Hata kuongea apunguze."

"Na Durban? Na Cape Town?"

Daktari alinigeukia mimi. "Umemwambia vizuri?"

"Nimemwambia."

"Basi mwambie tena."

Nikamwambia tena. Akamshukuru daktari kwa Kiingereza chake kidogo, akamshika mkono kwa mikono yake miwili, akasema atarudi baada ya ziara. Daktari akaandika namba yake ya simu nyuma ya kadi na kunipa mimi, si yeye.

Garini alifunga mkanda. Kisha akasema, "Nikisimamisha ziara, hakuna atakayezisikia hizi nyimbo."

"Na usiposimamisha?"

"Labda watu wachache."

Nilijaribu. Nilimwambia nyimbo zinaweza kungoja, koo haliwezi. Nilimwambia nitampeleka mwenyewe asubuhi, nitakaa naye, nitamrudisha hotelini kabla wenzake hawajamaliza kifungua kinywa. Alinisikiliza kwa adabu, kama alivyomsikiliza mtangazaji. Akaniomba nimpitishe mahali anunue tangawizi mbichi.

Siku iliyofuata walikuwa mtaa wa Newtown, ukumbini, wakipima vyombo. Mdogo wake aliniita kando, nyuma ya maspika.

"Jana mlikwenda wapi na kaka yangu?"

"Muulize mwenyewe."

"Nimemuuliza. Anasema mlikwenda sokoni."

Alingoja. Alikuwa na vijiti vyake vya ngoma mkononi na alikuwa akivisugua, kimoja juu ya kingine. Nilijua ya kwamba kama nikifungua mdomo nitayasema yote, na siri haikuwa yangu. Nikamwambia nina simu ya kupiga, nikatoka nje nikasimama juani bila kumpigia mtu yeyote.

Onyesho lilikuwa Jumapili alasiri. Ukumbi haukujaa hata nusu. Walikuwapo Waangola na watu wa Msumbiji, watu wa balozi kutoka Pretoria, na wanafunzi wangu kadhaa. Mimi nilikuja na binti yangu, ambaye anaelewa Kiswahili chote ninachomwambia na kunijibu kwa Kiingereza. Walianza na nyimbo mpya. Wimbo wa kwanza sauti ilishika, imechakaa lakini ilishika, na nilifikiri labda daktari alikosea. Watu walipiga makofi ya heshima. Wimbo wa pili wakaanza kuondoka mmoja mmoja kwenda kununua bia. Wa tatu, mtu akapaza sauti kuomba ule wa zamani, na wengine wakacheka na kumuunga mkono. Mwimbaji akainua mkono kama kuwaambia subirini. Akaanza wa nne.

Binti yangu aliniuliza kama yule mtu ni mgonjwa. Nikamwambia anyamaze.

Katikati ya ubeti sauti ikaisha. Haikukatika ghafla. Ilipungua, ikawa mnong'ono, kisha mdomo ukawa unasema na hakuna kinachotoka. Magitaa yakazunguka palepale, wakimngoja. Fundi wa mitambo akadhani tatizo ni kipaza sauti, akakipandisha mpaka juu, na maspika yote ya ukumbi yakajaa pumzi yake. Pumzi tu, ikiingia na kutoka. Mdogo wake aliacha kupiga. Alitazama chini ukumbini hadi aliponiona.

Mwandaaji akanivuta mkono. "Panda uwaeleze watu. Muulize anataka kusema nini."

Nikapanda. Mwimbaji alinikaribia, akaweka mdomo sikioni mwangu, na kusema jambo refu. Nilihisi joto la maneno. Sikusikia hata moja. Nilimwomba arudie, akarudia, na bado sikusikia. Nikageukia watu nikawaambia anaumwa, anaomba radhi. Kama ndivyo alivyosema, sijui. Wengine walipiga makofi, wengine wakazomea, na kabla sijateremka mlango wa nyuma ulikuwa umejaa watu wanaotoka.

Nyuma ya jukwaa alikuwa amekaa kwenye sanduku la gitaa na taulo shingoni. Mdogo wake alisimama mbele yangu.

"Wewe ulijua."

Kaka yake akainua mkono kumzuia. Yeye hakumtazama. "Ulijua, ukamwacha apande."

Ziara ilifutwa. Siku walipoondoka nilikwenda nao uwanja wa ndege, ingawa hapakuwa na kitu cha kutafsiri. Mwimbaji alinishika mkono muda mrefu. Mdogo wake alipita na mizigo bila kuaga.

Miezi ilipita. Nilikuwa nikisahihisha mitihani ujumbe wa yule mdogo wake ulipoingia kwenye simu. Walimfanyia kaka yake upasuaji, wakaondoa koo lote la sauti, lakini ugonjwa ulikuwa umeshafika mapafuni. Walikuwa wamemzika wiki iliyotangulia. Hakunilaumu. Aliuliza jambo moja: siku ile daktari alisema nini hasa, na kaka yake alijibu nini.

Nilikaa na simu mkononi mpaka chai ikapoa. Nilifikiri kumpunguzia. Kisha nikamwandikia yote kama yalivyokuwa, pamoja na kwamba daktari alitaka kukata kile kipande kesho yake asubuhi, na kwamba kaka yake aliuliza kuhusu Jumapili, halafu Durban, halafu Cape Town.

Ujumbe aliusoma palepale, simu ikanionyesha. Nikamwandikia tena, kumpa pole. Nao aliusoma. Hajajibu, na sidhani kama atajibu.