Mkeka Uliokunjwa

Ile siku ya usaili pale Kibiti naikumbuka, mwanangu, mpaka sauti ya feni iliyokuwa inakwaruza juu ya vichwa vyetu. Juzi uliniuliza kama mtu wa masoko ana haja kweli ya kuweka kazi zake mtandaoni, hiyo mnayoiita potifolio, nami nikakujibu kwa mkato. Leo ngoja nikueleze, maana hata sasa nikiikumbuka siku ile mwili unanisisimka.

Nilikuwa na miaka thelathini na minne, mwandishi wa matangazo Dar es Salaam, nikaomba ukuu wa masoko kwenye kampuni moja ya mchele iliyofungua ofisi Kibiti. Mshahara ulikuwa wa kawaida tu. Nilichokitaka ni kurudi karibu na Mtunda, kwa bibi yangu Bi Mwajuma aliyenilea. Macho yake yalikuwa yanaondoka, na mara tatu alishanitumia salamu: rudi.

Niliingia pale kifua mbele. Tangazo langu lilikuwa limechorwa kwenye kuta za maduka kuanzia Nyamwage mpaka Kibiti: "Mgeni njoo, mwenyeji ashibe." Lilikuwa la mchele, na watoto waliliimba wakienda shule. Wenzangu walishaanza kufungua kurasa zao, wanaweka kazi na majina yao, mimi nikawa nawacheka. Nimekua nikisikia chema chajiuza, kibaya chajitembeza. Niliona kujianika vile ni kukosa haya.

Mwenyekiti wa usaili, mama mmoja mpole, aliniuliza ni kazi gani ninayojivunia. Nikaitaja kwa sauti. Wakatazamana, kisha akanigeuzia kompyuta yake.

Mwanangu, nilipigwa na butwaa! Ukuta uleule wa Nyamwage, maneno yangu, rangi ileile ya kijani, na chini yake: "Kazi yangu, Shomari." Huyo Shomari tulikuwa ofisi moja, na yeye ndiye aliyezipiga picha zile kuta. Picha ilikuwa yake, hilo sibishi. Lakini maneno! Maneno niliyaandika mimi, barazani kwa bibi, ubwabwa ukiwa jikoni.

"Huyu tumemsaili asubuhi," mama yule alisema. "Wewe una nini cha kutuonyesha, dada?"

Sikuwa na kitu. Karatasi zangu zilibaki kwenye ile ofisi niliyofanya kazi na Shomari, na ofisi yenyewe ilishafungwa. Siku ya kufa nyani miti yote huteleza. Nikaanza kuapa wallahi, kwenye usaili! Wakanitazama kwa huruma, ile anayotazamwa nayo mwongo aliyeshikwa. Kazi akapewa Shomari.

Nikaenda Mtunda kulia. Bibi alikuwa anasuka ukili wa mkeka kwa kupapasa. Nikamweleza yote, nikamalizia na methali yangu. Akaacha kusuka.

"Ati chajiuza?" aliuliza. Kwa utani wetu wa bibi na mjukuu aliniita mke mwenzie, lakini siku ile hakucheka. "Weye mke mwenzangu, huo mchele wa watu unaoutembeza kila siku, wote mbovu?"

Akaunyoosha ule ukili magotini.

"Miye mikeka yangu naipeleka sokoni imekunjwa. Nikifika naikunjua. Nani kanunua mkeka uliokunjwa? Wako umeuacha umekunjwa, mwenzio kaukunjua, kaukalia."

Nikarudi Dar es Salaam kwenye kibarua changu, nikimwahidi nitakuja mwezi ujao, kisha mwingine. Simu ilipokuja, nilipanda basi la kwanza. Nilipofika Mtunda walishamzika. Siamini mpaka leo, mwanangu. Wanasema majuto ni mjukuu, huja baadaye. Mimi ndiye mjukuu mwenyewe, nikaja baadaye.

Basi jibu langu ni ndiyo, unaihitaji. Wapo wanaopata kazi kwa kujulikana tu, sikatai. Lakini anayekujua leo kesho atahama, na ofisi zinafungwa. Haihitaji mapambo. Weka kazi chache ulizozifanya kwa moyo, mwenye biashara akiwa ameridhia, ueleze ulitaka nini na kilitokea nini, hata pale tangazo lilipododa. Andika sehemu yako, na ya mwenzako usiimeze: maneno ya nani, picha ya nani. Shomari angeandika neno moja tu, "picha", nisingeaibika vile. Tena weka sasa hivi ukiwa una kazi, usingoje siku ya kuitafuta. Kuwa na haya ni jambo jema, ila mimi kiburi changu nilikiita haya, na kikanigharimu.

Mungu akubariki, mwanangu. Akupe kazi ya halali na ulimi wa kusema "hii ni yangu" bila kuapa. Na wale wanaokusubiri, akufikishe kwao wangali wanasubiri. Amin.