Moto wa Matanga ya Baba

Asubuhi moja tulikuwa tunaanika maharage uani, kwetu ng'ambo ya mpaka wa Tanzania. Mama alinitania kwamba maharage yangu yana mawe mengi kuliko mto. Vita tulivisikia kwa mbali, kama jirani anayegombana na mkewe.

Wiki hiyohiyo malaria ikamchukua baba. Tukawasha moto wa matanga uani. Kwetu moto huo hauzimwi mpaka msiba uishe. Ukiuzima, umemfukuza mzee nyumbani kwake.

Kaka yangu Gervais aliwahi kuwa mtu wa redio jeshini, na kilima kizima kilimtegemea akadirie helikopta zitapiga wapi. Siku ya pili ya matanga alishuka kutoka kwenye lindo, uso umemkauka.

"Wanapiga moshi wa mchana. Wakiuona wanadhani ni jiko la wapiganaji. Naweza kukosea, lakini leo hakuna wingu. Nadhani watakuja."

"Moto wa baba yako haumwiti mtu," mama alisema. "Uacheni."

Gervais, mtoto wa kwanza, aliinamisha kichwa. Hakuthubutu kuugusa.

Wanangu wawili walikuwa wanacheza palepale. Nikabeba ndoo ya maji, nikamwaga yote.

"Umemfukuza baba yako!"

"Heri aondoke yeye, mama, wajukuu wake wabaki."

Nikamshika mama mkono kwa nguvu, tukaingia migombani na watoto.

Helikopta ikaja.

Ikapita juu ya paa letu, ikapiga kilima cha pili, kwenye matanuri ya wachoma matofali.

Gervais akakimbia kwenda kubeba majeruhi.

Ikarudi.

Sijui kama hilo hakulikadiria, au alilijua akaenda hivyohivyo. Namjua kaka yangu, nadhani alilijua. Tulimzika bila moto, usiku huo tukaanza safari ya Tanzania.

Mama alizeekea hapa Nyakitonto, akila maharage ya shamba langu. Maji yale hakunisamehe, nami sikuomba msamaha. Ningeyamwaga tena leo. Lakini iliniuma, na bado inaniuma, kwamba kaka yangu hakupata hata kijinga kimoja cha moto.

Mama alipofariki mwaka jana, nilikoka moto mkubwa mchana kweupe. Wanangu, sasa watu wazima, wakauliza kuni zote hizo za nini.

"Ni za watu watatu," nikawaambia.

Moshi ukapanda. Waombolezaji wote walikuwa wanatazama moto. Mimi peke yangu nilikuwa natazama juu.