Saa Nane ya Kakuma

Habari za saa zinazopishana hazikuwa kwenye silabasi ya fizikia, lakini kidato cha nne pale Lodwar niliwafundisha kwa ukaidi wangu tu. Niliwaambia: saa mbili zikiwa mbalimbali, usiseme ziko sawa mpaka utume ishara, irudi, ugawe safari yake nusu kwa nusu. Na saa iliyo mbioni huenda polepole kuliko iliyotulia. Walinicheka.

Wiki hiyo mama yangu alikuwa hoi hospitalini Kakuma. Malori yalikwenda kwa msafara wa polisi tu, na msafara ulikuwa wa kesho kutwa. Nilichotaka ni kuisikia sauti yake, basi. Nikaomba redio ya mawasiliano ya kanisa, nikaelewana na mtu wa redio wa upande ule, mkimbizi kutoka Sudan: kesho saa nane mchana amfikishe mama kwenye redio.

Saa nane nikaita. Nikaita tena. Mikwaruzo mitupu. Nilipiga meza, nikamlaani yule mtu, nikasali, nikamlaani tena. Subira huvuta heri, wanasema; yangu haikuvuta kitu. Kabla ya saa tisa watu wa kanisa wakazima redio kuokoa betri, nami nikarudi darasani nimekufa moyo. Nikafundisha somo lile lile la saa, kwa hasira.

Kesho yake nilipanda lori. Nikapiga hesabu: kwa mwendo ule, saa yangu ingechelewa kwa kiasi kisichotosha hata kupepesa jicho. Hesabu zilinizuia kulia mbele za watu.

Nilipofika, mama alikuwa ameshazikwa asubuhi.

Nilimtafuta yule mtu wa redio, nikamkwida shati.

"Mwalimu, mimi nilileta mama saa nane kamili," akasema, akanionyesha mkono. Saa yake ilikuwa nyuma ya yangu kwa saa nzima. "Hii ni saa ya Sudan. Mke wangu alibaki kule. Mimi nikikula, najua na yeye anakula."

Nikaachia shati. Saa yake ilikuwa sawa, yangu ilikuwa sawa, na hakuna aliyemuuliza mwenzake.

"Alisema kitu?"

"Alisalimia. Ejok, ejok. Redio kimya. Nikamwambia, mama, turudi kitandani. Akakataa. Akasema ngoja kidogo, mtoto wangu hajawahi kuchelewa."