Maji ya Taa ya Bluu

Mtaani walimwita Bwana Sinema, naye kwa ujinga wake akadhani ni sifa. Alikuwa mtunza stoo mstaafu, na kwenye dari ya sebule yake lilining'inia projekta la zamani, zito kama ng'ombe, lenye taa tatu mbele: nyekundu, kijani na bluu. Televisheni alishaigawa. Eti ni ya watu wasio na macho.

Kila taa ilikuwa na kijumba cha kioo kilichojaa dawa ya kuipoza, nyepesi, isiyo na rangi. Kuiita dawa, kwake, ulikuwa ushamba. Yeye aliiita "maji", na aliyethubutu kuuliza maji gani aliambulia mhadhara wa nusu saa.

Alasiri hiyo mkewe alikuwa na haja moja tu. Wadogo zake walikuwa wanakuja kutazama kanda ya harusi, ya pekee iliyobaki na sura na sauti ya marehemu mama yao. Lakini dawa ya taa ya bluu ilikuwa imeingia ukungu. Bwana Sinema akapanda ngazi, akainyonya yote kwa bomba la sindano, mdomo haupumziki. Alikuwa akimsema mwanyumba wake, mume wa shemeji yake, kwa kununua televisheni bapa.

"Mtu mzima anakodolea ubao ukutani! Hebu niletee maji."

"Maji gani?" mkewe aliuliza kutoka jikoni.

"Maji ni maji, mwanamke! Miaka yote hii bado unaniuliza maji gani?"

Akaletewa jagi. Jagi la mezani, jamani, pamoja na kitambaa chake cha kufunikia! Lakini ulimi ulikuwa bado kwa mwanyumba, macho hayakuwa na nafasi. Akavuta kwa bomba, akajaza, akagongagonga kutoa viputo, akafunga.

Wageni wakaketi, mwanyumba naye akiwemo, mapazia yakafungwa. Mama yao akatokea ukutani na gauni la bluu, akafungua kinywa kuimba. Huko juu kukaanza kutokota kama birika. Kisha, ta! Kioo kikapasuka, bluu ikapotea, marehemu akabaki wa manjano, na matone ya moto yakamdondokea mwanyumba kwenye upara. Umeme ukazimwa haraka. Taa ile haitengenezwi tena popote, na Bwana Sinema alilijua hilo kuliko wote.

"Chukueni deki ya video na kanda yenu, twendeni kwangu," mwanyumba akasema taratibu, akijifuta.

Kwake palikuwa nyumba ya tatu tu. Kwenye lile bapa la kudharauliwa mama akaimba mpaka mwisho, gauni lake bluu kabisa, na binti zake wakalia wameshikana mikono. Bwana Sinema alikaa pembeni amenuna, akitafuta kasoro ya rangi asiione. Koo likamkauka.

"Nipatie maji," alimnong'oneza mkewe.

Mkewe hakubandua macho kwa mama yake.

"Maji gani?"