Shavu la Wakili

Tangu serikali iruhusu zahanati za watu binafsi, na kila mwenye koti jeupe na sindano akafungua yake, wakili huyu hakuwahi kukosa kazi Kilosa. Anastazia, karani wa mahakama, alikwisha kumzoea: suti ya mtumba inayompwaya mabegani, vidole laini vinavyopapasa tai kabla ya kila uongo, sauti ya mtu anayembembeleza mtoto anywe dawa. Akimtetea mkunga au mchoma sindano, kosa lilikuwa la mgonjwa tu: alichelewa, alikula, alijitingisha. Wazee aliwaanza kwa shikamoo, tena kwa kuinama, kisha akawahoji mpaka wakasahau majina yao.

Siku ile alimtetea tabibu wa meno aliyemng'oa bibi mmoja wa Chanzuru meno mawili mazima, akaliacha bovu. Wakili mwenyewe shavu lilikuwa limemvimba kama ameficha andazi.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, baba."

"Wilaya nzima hii," alisema akipapasa tai, "hakuna anayejua meno kumshinda mteja wangu. Si kweli kwamba ulijitingisha?"

Bibi alimtazama kwa huruma. "Pole, baba. Hilo jino linakuuma tangu lini? Na mtaalamu wako si huyo hapo amekaa?"

Tabibu akainuka, tayari kabisa kusaidia. Wakili akarudi nyuma, kiganja shavuni.

Anastazia alingoja bibi akemewe, maana shahidi haruhusiwi kuuliza maswali. Hakimu akaweka kalamu mezani.

"Mjibu, wakili."