Sauti Tamu ya Mandolini ya Don Sabato

"Enyi watu wa Kichochoro cha Malaika Wawili, mlioamka na mnaojifanya mmelala! Leo tunafunua bamba la marumaru kwa heshima ya mandolini ambayo sauti yake imewaliza wajane, imewapatanisha wanandoa, na kumnyamazisha hata mbwa wa muuza samaki!"

Ndivyo alivyotangaza wakili Percuoco, mwenyekiti wa kamati ya mtaa, akiwa amesimama juu ya kiti cha kunyolea cha Don Sabato. Watu walipiga makofi. Fundi Aniello Capuozzo, aliyeiunda hiyo mandolini, mdogo wake gitaa, alikuwa mstari wa mbele na tai ya kuazima iliyomkaba koo, akipapasa kijifurushi cha karatasi katika mfuko wa shati.

Mambo yalianza pale Don Sabato kinyozi alipomwagiza mandolini yenye njumu, nakshi za kupachikwa, "mpaka jicho liombe msamaha". Aniello ni mtu wa maneno machache, utadhani huyanunua kwa kilo. Alifanya kazi majira yote ya baridi. Alikata magamba ya chaza kwa msumeno mwembamba kama unywele, akapandisha mzabibu wa lulumizi hiyo ing'aayo shingoni, na chini ya tundu akamtuliza kipepeo mwenye mbawa zinazobadilika rangi ukipumua tu.

Lakini kipepeo siye aliyemnyima usingizi. Alipogonga uso wa mandolini kwa kifundo cha kidole, ubao uliitika kama mtu aliyeitwa kwa jina lake. Maishani mwake hakuna ubao uliowahi kumwitikia hivyo. Tangu hapo alikuwa na haja moja: aisikie ikilia, hata wimbo mmoja, kisha afe, au walau apate hamu ya kula makaroni yake.

Vanishi haijakauka sawasawa, Don Sabato akaingia mbio na povu la sabuni mkononi.

"Fundi, naichukua hivyo hivyo! Leo ni sikukuu ya mtakatifu wa jina la mama mkwe. Nikienda mikono mitupu nitalala dukani na mikasi."

"Haijafungwa nyuzi. Njoo nayo Jumatatu."

"Jumatatu! Naapa kwa Mtakatifu Gennaro!"

Mtakatifu Gennaro, aliyekwisha kuapiwa sana katika mji wa Napoli, hakushtuka.

Sasa, kila nyumba ya Napoli inayojiheshimu ina chumba kimoja ambacho mwenye nyumba haruhusiwi kukikalia. Makochi yamevikwa nailoni, vikombe vya kahawa havijawahi kuonja kahawa, na ufunguo anao mwanamke mkubwa wa nyumba. Kwa Don Sabato ufunguo ulining'inia kifuani pa mama mkwe, Donna Nunziata, jirani na medali ya Bikira. Alipoiona mandolini alijifuta machozi, akaifungia katika kabati la vioo, kati ya sahani za harusi na mchungaji wa kauri asiye na sikio. Jumatatu ikaja. Zikaja Jumatatu nyingine, nazo zikapita zake.

Majirani walipanda ngazi kuitazama kama wanaokwenda kuhiji. Walinong'ona mbele ya kioo, walihesabu majani ya mzabibu, wakashuka wakisifu. Kisha chini dukani, wateja wakingoja zamu, Don Sabato aliendelea kupiga mandolini yake kuukuu ya sokoni, ile iliyozibwa ufa kwa bati la kopo la nyanya. Sauti ilipenya dirishani, na kichochoro kizima kikasema: "Sikieni! Kipepeo wa Aniello huyo!" Kinyozi alisikia sifa, akanyamaza. Debe tupu haliachi kuvuma, lakini debe hili la njumu lilivumishwa na watu bila hata kuguswa.

"Jana umeniliza, Aniello mwanangu," mjane wa muuza mkaa alimwambia njiani. "Nilimsikia marehemu wangu mle ndani ya lulumizi."

Aniello akashukuru. Angefanyaje? Angemwambia marehemu wake amehamia kwenye kopo la nyanya?

Siku moja uvumilivu ukamwisha, akapanda na kijifurushi chake cha nyuzi.

"Nyuzi za chuma?" Donna Nunziata akashika ufunguo kama aliyevamiwa. "Zimkwaruze kipepeo wangu?"

"Donna Nunziata, ile ni mandolini."

"Na mimi ni mwanamke, ndiyo kila apitaye anishike?"

"Nataka kuisikia tu."

"We mtu vipi? Mtaa mzima unaisikia, wewe mwenyewe fundi ndiye kiziwi? Kunywa kahawa uende zako."

Alikunywa jikoni, katika kikombe kilichopasuka, akaenda zake.

Ndipo kamati ikachangisha pesa za bamba la marumaru. Kwa heshima ya siku hiyo Donna Nunziata aliishusha mandolini kwa mikono yake, imeviringwa shali ya hariri mpaka kidevuni kama mtoto wa ubatizo, kipepeo tu akichungulia. Don Sabato alikuwa akitoka jasho pembeni. Wakili Percuoco alivuta pazia. Herufi za dhahabu zikasomeka: HAPA INAKAA SAUTI TAMU KULIKO ZOTE NAPOLI.

Mjane akalia kwa kwikwi. Mbwa wa muuza samaki, kwa kukosa adabu, akabweka.

"Na sasa," wakili akanguruma, "fundi wetu atuambie, kwa faida ya vizazi vijavyo: siri ya sauti hii ni nini?"

Donna Nunziata alimkazia macho. Don Sabato alimtazama kama mteja anavyoutazama wembe. Aniello akalegeza tai, akakitoa kijifurushi mfukoni, akakifungua taratibu mbele ya watu.

"Haina nyuzi," akasema.